Mwiba wa Wiki Tatu

Daktari alipasha kioo chake kidogo juu ya taa ili kisiingie ukungu wa pumzi, akanishika ulimi kwa kitambaa, akachungulia kooni.

"Mwiba wa samaki uko wapi?" nikauliza aliponiachia.

"Hakuna mwiba. Ni mafindofindo yamevimba."

"Yangu yalikatwa nikiwa mdogo."

"Yale ya pembeni. Kuna mengine kwenye shina la ulimi. Jionee."

Nikajishika ulimi, akarudisha kioo kidogo kooni na kunishikia cha pili mbele ya uso. Nikayaona: manundu mekundu, yamebanana kama punje za komamanga. Nikaomba niyatazame tena.

"Unalala umeshiba?"

Nikamweleza kwamba kila usiku, kabla tu ya kulala, nilikuwa nameza matonge ya mkate mkavu ili yausukume mwiba.

Daktari akacheka. "Asidi ya tumbo inapanda ukilala, inayachoma, yanazidi kuvimba. Achana na mkate, kula mapema, na unywe hii dawa."

Nje, mke wangu alikuwa kwenye benchi. Wiki tatu nilikuwa nimemnunia kwa sababu ya samaki aliyenipikia.

"Wameutoa?"

"Wameutoa," nikasema.

Akanyoosha kiganja. "Hebu niuone."