Majina Matatu ya Nshoma

Siku hizi daktari wa jeshi halipwi hela. Anataja ndugu watatu, na hao jeshi litawatibu mpaka wafe. Na kwa kuwa madaktari wote wameshachukuliwa na jeshi, asiyetajwa atajijua mwenyewe. Mke wa Shigela alikufa hivyo kwa kidole tumbo, na wakubwa wakatuma salamu za pole.

Sasa binti yake Nshoma alikuwa amehitimu udaktari wa meno, na kapteni alifika hadi sebuleni kusikiliza majina.

"Wanangu wawili," alisema Nshoma, akasita.

Shigela akamtazama mkwewe, Maganga, aliyekuwa akimimina chai. Alitaka kusema, mtaje mumeo, mimi nimeshazeeka. Maneno yalimfika mdomoni kabisa. Halafu akakumbuka mkewe alivyojikunja sakafuni akimwita mama yake, akayameza.

"Wa tatu ni baba."

"Umefanya la maana," alisema Maganga. "Mume utapata mwingine."

Kapteni akacheka peke yake.

Wiki hiyohiyo Nshoma akapelekwa kambini. Maganga hakubadilika hata kidogo. Kila asubuhi humwekea mzee maji ya kuoga, akamwamkia kwa adabu zote.

Leo wakila mchana, Shigela ameona mkwewe anatafunia upande mmoja.

"Jino hilo, mkwe?"

"Hapana, baba. Mazoea tu."

Akamsogezea mzee finyango kubwa zaidi. Shigela akaila.