Kamba ya Dunguni

Alfajiri, juu ya dungu la mwisho, kibanda cha miti cha kulindia mpunga, Bi Mashavu aliivuta kamba mara tatu, akazuia pumzi. Ng'ambo ya mpunga uliozingirwa na maji, vifuu vya kutishia ndege vikagongana. Kimya. Kisha kamba ikavutwa kutoka upande wa pili: moja, mbili, tatu.

Akashusha pumzi. Mkwewe, Mwatumu, alikuwa hai.

Kila masika, mawingu yakitanda Mbuchi, Mwatumu huingiwa na uzito. Hali, hasemi, hutazama maji tu. Mwaka juzi walimwopoa mtoni. Mumewe, Mwinjuma, ndiye aliyejua dawa: kumwamsha alfajiri, kumweka penye mwanga hata ukiwa hafifu, kumpa kazi ya mikono, kumchokoza mpaka ajibu.

Lakini Mwinjuma alikwenda vitani Umatumbi. Wakati wa kaskazi Mshamu, rafiki yake, alirudi peke yake, akamnong'oneza Bi Mashavu uani: "Risasi hazikugeuka maji, mama. Mwanao tumemzika."

Nyuma ya kiambaza Mwatumu alikuwa akitwanga. Mchi ulisita kidogo, ukaendelea.

Bi Mashavu akayameza machozi. Mvua zilipoanza, wakahamia shambani kulinda mpunga, kila mmoja kwenye dungu lake, akamwambia mkwewe: "Mumeo karudi. Kajificha dungu la mwisho, askari wa Wadachi wasimwone. Usimwendee. Atakuvutia kamba kila alfajiri, nawe umjibu."

Mwaka huo uzito ulikuwa umemjia Mwatumu mapema, kabla hata ya mvua. Alivua bangili, akaacha wanja na hina, akabaki na kaniki moja. Hata harusi ya binamu yake hakwenda. Bi Mashavu alimpelekea uji kwa mtumbwi, akamkalisha mlangoni penye mwanga, akampa ukili asuke.

"Mumeo huyo, hata kamba anavuta kivivu."

"Kamrithi mama yake," alijibu Mwatumu, na tabasamu dogo likampita usoni.

Asubuhi moja mawingu yalipasuka, jua likamwagika juu ya mpunga. Bi Mashavu alipofika na uji, alimkuta Mwatumu amesimama nje, mkeka umekamilika miguuni pake.

Mwatumu aliushika mkono wa mkwewe, akayapapasa malengelenge ya kamba kiganjani.

"Kesho usivute, mama," alisema taratibu. "Nitekee maji nioge. Miezi minne na siku kumi imetimia. Eda yangu imekwisha leo."