Mdomo wa Kocha

Kocha alitukana dakika mbili nzima bila kumeza mate. Alianza na miguu ya Ngazi, akapanda magotini, akamalizia na ubongo, ambao alisema hajauona tangu mchezaji huyo ashuke kwenye ndege. Alipopumua, timu nzima ikamgeukia mkalimani.

"Anasema unajitahidi," mkalimani akamwambia Ngazi, "ila ongeza bidii kidogo."

Ngazi, mwanamume wa mita mbili na ushei, akajifuta jasho. "Mwambie hilo tumbo lake likijifungua, nitaleta nepi."

"Anasema asante, kocha."

Mambo yalikuwa hivyo tangu wiki ya kwanza. Ngazi alikuwa amevuka bahari kuja kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa, ligi daraja la pili, akiwa na sanduku moja, viatu namba hamsini, na Kiswahili kitupu. Mkalimani alitoka huko huko kwao. Kabla ya hapo alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye hoteli ambako timu ililala kabla ya mechi. Siku moja kocha alimkuta chumba cha kufulia, simu begani, akimfokea mdogo wake kwa Kiswahili kuhusu mechi ya jana yake: nani alikaba vibaya, nani hakustahili hata kushika mpira. Kocha alisimama mlangoni muda mrefu, taulo mkononi. Kisha akamuuliza, kwa lugha ya nchi ile, kama angependa kazi isiyo na mvuke.

Sharti la kazi lilikuwa moja: Ngazi akiondoka, naye anaondoka. Kwa hiyo mkalimani alikata shauri mapema. Wanasema mjumbe hauawi, lakini hakuna aliyewahi kusema hafukuzwi kazi. Matusi ya huku aliyavisha nguo kabla hayajafika kule, na ya kule vivyo hivyo.

"Mbona anaongea kama anafukuza mbwa?" Ngazi aliwahi kuuliza.

"Ndiyo lugha yao, ndugu yangu. Hata wakiposa wanapiga kelele."

Ngazi akaridhika kwamba ana kocha mwenye roho ya baba, ila sura ndiyo haimsaidii. Kocha naye, wiki ile ile ya nepi, akaanza kunywa chai bila sukari. Wachezaji wakasema daktari kamwonya.

Mwezi wa tatu tangu Ngazi afike, katika mechi moja, walikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Kocha akaomba mapumziko, akamnyooshea Ngazi kidole. "Mwambie atoke nje amkabe yule namba tisa!"

Mkalimani aliwahi kuchezea timu ya shule, yaani alikalia benchi la shule miaka minne, na benchi ni mahali pazuri pa kuuona mpira. Aliona wazi kwamba Ngazi akitoka chini ya kikapu, nyumba imebaki haina mlango.

"Anasema usitoke hapo chini hata nchi ikiungua," akatafsiri. "Namba tisa waachie wenzako."

Wakashinda kwa pointi nne. Mkalimani alipanda basi akingoja kufukuzwa. Kocha alipita, akampiga begani, akasema tu, "Tafsiri nzuri."

Uongo ni kama karanga: ukionja moja, mkono haurudi mfukoni. Mechi iliyofuata aliongeza sentensi moja, iliyofuata, tatu. Wenzake Ngazi walipomwona anafanya jambo walimfuata, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa linafunga. Maelekezo ya kocha yakazidi kukonda, matusi yakazidi kunona. Msimu wa pili ulipoanza, kocha alikuwa akisema, "Mwambie hiyo nguzo ya umeme!" kisha anageuka kumtukana refa, na mkalimani anatafsiri dakika nzima.

Timu ikapanda daraja. Ngazi akatoka magazetini, akamjengea mama yake nyumba yenye milango mirefu. Kocha akapewa tuzo ya kocha bora wa mwaka, akaishukuru klabu, mke wake, aliyekaa mbele kajitanda kanga, na Mungu, kwa mpangilio huo. Mkalimani alipiga makofi safu ya nyuma. Angemwambia nani kwamba mipango ilikuwa yake?

Ikafika fainali ya msimu wa tatu. Ngazi alikuwa ametimiza miaka thelathini na tatu, na klabu ilikuwa imetamka bila haya: kombe likija, mkataba mpya, lisipokuja, arudi kwao na kivuli chake. Asubuhi ile kivuli chenyewe, yaani mkalimani, kikaamka hakina sauti. Maji ya moto, asali, tangawizi, vyote vilishuka. Kilichopanda ni hewa tu, kama tairi lililotoboka.

Zilibaki dakika mbili, wako nyuma kwa pointi tatu. Kocha akaomba mapumziko. Ngazi akainama katikati ya wenzake, jasho likimchuruzika puani.

"Anasemaje, kaka?"

Mkalimani akafungua mdomo. Hewa. Akagusa koo, akatikisa kichwa.

Ngazi akamgeukia kocha. Kocha akamtazama Ngazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hapakuwa na mtu katikati yao. Mkalimani akafumba macho, akauona uwanja wa ndege, foleni, na yeye na Ngazi wakipimiwa mizigo.

Tusi halikuja. Alihisi kalamu ikitiwa mkononi mwake, na kile kibao ambacho makocha huchorea mipango kikiwekwa magotini pake. Kisha akamsikia kocha akisema, kwa Kiswahili kisicho na doa:

"Pole na koo, shemeji. Haya tuchoree basi, tunacheza vipi?"