Mwasi Kwenye Ukuta wa Kanisa

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, mji wa Louisville, Marekani, uliamkia mvua ya barafu. Baada ya ibada, kanisa la Wakongomani wa mtaa wa Beechmont lilionyesha ukutani filamu ya Ombeni, mwigizaji wao.

Jukwaani, mjini Columbus, alicheza mlinzi asiyesema neno. Mjini Buffalo, mwizi aliyekufa mapema. Filamu hii ndiyo ya kwanza kumpa maneno, na watengenezaji filamu wa Buffalo walikuwa wakimsubiri acheze nyingine kama hiyo, ya bunduki.

"Papa Ombeni, leo tena utakufa?" shemasi alimtania.

"Hapana. Leo ni mimi naua."

Watu wakacheka. Taa zikazimwa. Ukutani Ombeni akatokea na kofia ya waasi na bunduki, akiupiga teke mlango wa nyumba.

Mama yake, aliyempakata mtoto wa jirani, aliteleza chini ya benchi. Kiganja chake kikamziba mtoto mdomo.

"Nyamaza, mutoto. Baasi bako ku mulango."

Ombeni alikijua kiganja kile. Kilimziba yeye, kule Kivu, waasi walipomuua baba yake.

Aliizima filamu, akapiga magoti, akavibandua vidole kimoja kimoja.

"Mama, ni mimi," alisema, kanisa zima likisikia. "Mbele ya Mungu na hawa bandugu wote, sitashika tena bunduki, hata ya filamu."