Zipu ya Mgongoni

Suti ya kuzamia maji baridi ilikuwa na zipu mgongoni, toka bega hadi bega, na hakuna aliyeweza kujifunga mwenyewe. Kila asubuhi, kabla wanafunzi wa utafiti hawajaingia ziwani kutafuta konokono, Mishi, mmoja wao, alikuwa akigeuka, na Bi Sikudhani, mtunza stoo, akiivuta zipu mpaka mwisho, kisha akimpigapiga begani.

"Umefungika, mwanangu. Haya, nenda."

Wiki zote sita alizokaa katika mji ule, hakuna mkono mwingine uliomgusa.

Siku alipofaulu mtihani wa kuzamia, mkufunzi wao alimkabidhi suti mpya.

"Zipu ya hii iko mbele," alisema kwa fahari. "Sasa humhitaji mtu."

"Ahsante, mwalimu," Mishi alijibu.

Kesho yake alivaa peke yake. Aliivuta zipu kifuani, akaikagua mara mbili. Tone la maji lisingepenya popote. Kisha akaenda hadi mlangoni pa stoo, ambapo Bi Sikudhani alikuwa amebeba mtungi wa hewa, akageuka kama kawaida, akasubiri.

Nyuma yake akasikia mtungi ukiwekwa chini.