Siku Kanga Aliponyamaza

Ngiri na Digidigi walipogombania chemchemi, Korongo aliwasuluhisha: Ngiri anywe asubuhi, Digidigi jioni. Ngiri, asiyemwamini yeyote, akadai sharti liongezwe: atakayevunja suluhu, Kanga asimpigie kelele za kumwonya chui akija. Kanga, asiyejua kunyamaza, akaapa mbele ya wote.

Haukupita muda, Ngiri akawa anashinda majini hadi giza linaingia. Digidigi akarudi kwa Korongo, koo limemkauka.

"Mzee, tusikilize upya."

"Shauri lilikwisha, mwanangu. Lililobaki ni kutekeleza. Bi Kanga, nenda ukamkumbushe."

Kanga akaenda. Ngiri akacheka, matope yamemfika masikioni. "Wewe unyamaze? Huwezi!"

Jioni ile ile Kanga, akiwa tawini, aliona nyasi zikitikisika, kisha madoa. Kelele zikamjaa kooni. Akazimeza.

"Kanga!" Ngiri alilia, meno ya chui yakiwa shingoni. "Mbona hukuniambia?"

"Ulitaka mwenyewe nisikwambie, bwana," Kanga akajibu, machozi yakimtoka.

Chui alipokwisha kumburura Ngiri, Digidigi akasogea kunywa. Maji yalikuwa bado hayajatulia.