Mpira wa Tatu

Jumatatu wanachama hawachezi gofu, na wafanyakazi huachiwa uwanja. Jumatatu hii meneja alimpa kila mmoja mipira mitatu: atakayevusha hata mmoja ng'ambo ya bwawa ataingia timu ya klabu.

Lugendo, aliyefyeka nyasi za uwanja huo kwa miaka kumi na miwili, alikuwa keshazamisha miwili. Wa tatu aliutandika kwa nguvu zote, kama anayeua nyoka. Ukachepuka, ukapotelea kwenye majani marefu ukingoni mwa bwawa.

"Unaupiga, kaka," alisema Tausi, mbeba fimbo wa siku nyingi. "Usiupige. Bembeza fimbo ipite zake, mpira iukute njiani."

"Tangu asubuhi wimbo ni huo huo! Fimbo isipopiga, mpira utaondokaje? Kwa dua?"

Alibwaga fimbo chini, akachukua fyekeo lake na kwenda kuutafuta mpira. Alifyeka huku akimlaani meneja, bwawa, na aliyeuleta mchezo wenyewe. Mkono ulikwenda na kurudi, kiuno kikiufuata, majani yakilala yenyewe.

"Hivyo hivyo!" Tausi alipaza sauti.

"Hivyo nini? Niache nifanye kazi!"

Hakusimama. Fyekeo likaenda, likarudi, likaenda tena, kisha likalia ko! Kitu cheupe kilichomoka majanini, kikapaa juu ya bwawa, kikamezwa na mwanga wa jua.

Lugendo alibaki palepale, fyekeo begani, sikio amelitega majini, akingoja chubwi.